Damu ya ng'ombe siku ya 28: protini inayokuambia kama mimba imeshika

Siku hizi swali hili linanifikia karibu kila wiki, hasa kutoka kwa vijana walioanza na ng'ombe watano, sita wa maziwa na wanataka mradi ulipe: "Afisa, nimehimilisha, sasa nikae miezi mitatu nikisubiri daktari aingize mkono ndiyo nijue? Hakuna kipimo cha damu kama cha binadamu?"

Kipo. Kinapima protini inayotengenezwa na kondo la nyuma, na kinaweza kukupa jibu siku 28 tu baada ya uhimilishaji. Lakini ukikitumia bila kujua kinapima nini, kinaweza kukutia hasara kubwa kuliko ile uliyokuwa unaikimbia. Wapo waliotoa mimba nzuri kabisa kwa sababu ya karatasi ya maabara iliyosomwa vibaya. Kwa hiyo leo twende taratibu.

Tuanze na hesabu ya hela, maana ndiyo inayotuleta hapa. Ng'ombe hubeba mimba siku 280 hivi. Ukitaka ndama mmoja kila mwaka, toa 280 kwenye 365, unabaki na siku 85 tangu azae mpaka ashike tena. Kati ya hizo, siku 50 hadi 60 za mwanzo unamwacha mfuko wa uzazi upone. Kwa hiyo una nafasi ya joto moja, labda mbili. Basi.

Sasa chukua ng'ombe aliyehimilishwa, hakushika, na wewe hukumwona akirudi kwenye joto. Hili linatokea sana kwa wanaofugia ndani, ng'ombe mmoja kwenye banda lake, hana wa kumpanda wala wa kumpandisha, na joto lenyewe mara nyingi linakuja usiku watu wamelala. Ukigundua siku ya 90 badala ya siku ya 28, umepoteza siku 62, karibu mizunguko mitatu. Tuseme mwisho wa maziwa yake anakupa lita 4 kwa siku, wakati akiwa amezaa upya angekupa 14. Tofauti ni lita 10 kwa siku, mara 62, ni lita 620. Kwa bei ya shilingi 1,000 kwa lita hiyo ni shilingi 620,000 kwa ng'ombe mmoja. Weka bei ya kwenu na lita zenu, utaona mwenyewe. Na chakula amekula siku zote hizo.

Ni protini gani hiyo?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ukielewa inakotoka, makosa mengi hutayafanya.

Yai likirutubishwa, kiinitete kinashuka kwenye mfuko wa uzazi kikiwa bado kinaelea tu. Hakijajishika popote. Kufika siku ya 16 hivi, kinatoa ujumbe wake wa kwanza kwa mama, protini inayoitwa intaferoni tau. Kazi yake ni kuuzuia mfuko wa uzazi usitoe prostaglandini, ile homoni inayoua uvimbe wa manjano unaobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka. Uvimbe ule ndio unaotoa projesteroni, na projesteroni ndiyo inayolinda mimba. Ujumbe usipofika kwa wakati, uvimbe unakufa, projesteroni inashuka, na siku ya 21 unamwona ng'ombe analia bandani. Kumbe yai lilikuwa limerutubishwa vizuri tu.

Hili la mwisho wengi hawalijui. Mhimilishaji akifanya kazi yake kwa wakati na mbegu ni nzima, mara nyingi yai linarutubishwa, kama mara 8 au 9 kati ya 10. Lakini ndama hawazaliwi 8. Kwa ng'ombe wa maziwa unaweza kupata 4 au 5, na wanaotoa maziwa mengi sana wanakuwa chini ya hapo. Viinitete vingi vinapotea ndani ya wiki mbili za mwanzo, kimyakimya. Kwa hiyo kabla hujamlaumu mhimilishaji kwamba mbegu yake ilikuwa maji, kumbuka kuna safari ndefu baada ya yeye kuondoka na mtungi wake.

Kinachosalimika kinaanza kujishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi, kondo la nyuma linaanza kujengeka. Kwenye kondo la ng'ombe kuna chembe kubwa zenye viini viwili. Chembe hizi zinahama kutoka upande wa kiinitete, zinaungana na chembe za ukuta wa mama, na kumwaga humo protini zao ambazo zinaingia kwenye damu. Ndizo zinazoitwa glaikoprotini zinazohusiana na mimba. Maabara zinatumia kifupi cha PAG, nami nitatumia hicho hicho. Ziko za aina nyingi, zaidi ya 20, na cha kushangaza ni ndugu wa pepsini, ile ya tumboni inayosaga nyama, ingawa nyingi hazisagi chochote.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Idaho, Marekani, walitangaza mwaka 1982 kwamba wamezipata protini za mimba za ng'ombe. Mwaka 1991 wenzao wa Liège, Ubelgiji, wakaeleza nyingine ya ukoo uleule. Kwa hiyo anayekuuzia kipimo hiki kama teknolojia iliyoshuka jana, mwambie pole.

La kushika hapa ni hili: PAG inatoka kwenye kondo. Haitoki kwenye ovari, haitoki kwenye mbegu. Ikiwepo kwenye damu, maana yake kuna kondo, au kulikuwa na kondo siku si nyingi zilizopita. Hilo neno "kulikuwa" ndilo lenye matatizo, tutalirudia.

Na hapa niseme kuhusu vile vipimo vya mkojo vya wanawake vinavyouzwa duka la dawa. Vinapima homoni nyingine kabisa inayotolewa na kondo la binadamu. Ng'ombe haitoi hiyo. Chovya kipimo kwenye mkojo wa ng'ombe mwenye mimba ya miezi saba, kitakuambia hana. Nimeona vijana wanagombana na daktari wa mifugo wakiwa na kile kijiti mkononi. Acheni jamani, hela hiyo nunua chumvi ya jiwe.

Siku za kupima

Siku ya 28 baada ya uhimilishaji ndiyo vipimo vingi vya damu vinaanza kuaminika. Kabla ya hapo PAG ni kidogo mno, na ukiharakisha siku ya 22 utapata "hana" kwa ng'ombe mwenye mimba. Mkono wa daktari mzoefu unaweza kugundua kuanzia siku ya 35 hadi 40, ila wengi wana uhakika kuanzia siku ya 60. Mashine ya picha ya mawimbi ya sauti inaona kuanzia siku ya 28 hadi 30, ikiwa aliyeishika anajua anachokitazama.

Sharti la pili linasahaulika sana: siku tangu azae. Kondo la mimba iliyopita liliacha PAG nyingi sana kwenye damu, na inachukua muda kuisha. Vipimo vya sasa vinataka angalau siku 60 zipite tangu kuzaa, vingine vinataka zaidi ya 70. Soma maelekezo ya kipimo chenu au muulize wa maabara. Ukimhimilisha ng'ombe siku ya 30 baada ya kuzaa (jambo ambalo sikushauri) na kumpima siku ya 58, unaweza kuambiwa ana mimba, kumbe unapima masalia ya ndama unayemnyonyesha.

Ukitumia maziwa badala ya damu, inawezekana pia, lakini PAG kwenye maziwa ni kidogo kuliko kwenye damu. Na kuna jambo moja la ajabu kidogo: PAG haipandi moja kwa moja. Inapanda mpaka kilele kidogo siku ya 32 hivi, inashuka, inafika chini kabisa kati ya siku ya 53 na ya 60, halafu inapanda tena mpaka kuzaa. Kwenye damu mshuko huo hausumbui sana. Kwenye maziwa unaweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba aonekane hana au awe "hajulikani". Kwa hiyo kama ni maziwa, pima siku ya 30 hadi 35, kisha rudia baada ya siku ya 75. Siku ya 55 achana nayo.

Projesteroni je? Wengine wanauziwa kipimo cha projesteroni siku ya 21 hadi 24 wakiambiwa ni kipimo cha mimba. Kwanza hiyo si protini, ni homoni ya mafuta, na haitoki kwenye kondo wakati huo bali kwenye ovari. Ikiwa chini, ng'ombe hana mimba, hapo hakuna ubishi. Ikiwa juu, usichinje kuku bado. Ng'ombe ambaye mzunguko wake ni mrefu kidogo, au aliyehimilishwa siku isiyo ya joto, au mwenye uvimbe usiokufa kwa sababu ya usaha kwenye mfuko wa uzazi, wote watakuwa nayo juu. Ni kipimo kizuri cha kusema "hana", dhaifu cha kusema "anayo".

Sindano ya kurudisha joto, hapa ndipo mimba zinakufa

Ukiambiwa ng'ombe hana mimba, hatua inayofuata kwa wengi ni sindano ya prostaglandini ili arudi kwenye joto haraka. Sindano ile inaua ule uvimbe wa manjano niliousema. Kwa asiye na mimba ni msaada mkubwa. Kwa mwenye mimba changa, mimba inatoka.

Kipimo cha PAG kikifanywa kwa siku sahihi kinasema "hana" kwa uhakika mkubwa sana, na hiyo ndiyo nguvu yake hasa. Tatizo linakuja siku zinapokuwa za uongo. Mfano unaojirudia: kijana amehimilisha tarehe 1. Tarehe 22 ng'ombe akaonyesha joto, kijana yuko mjini, mdogo wake akampeleka kwa dume la jirani na hakusema. Tarehe 29 damu inatolewa, fomu inaandikwa "siku 28". Maabara inajibu kwa ukweli kabisa: hana mimba. Na kweli, ile ya tarehe 1 haipo. Lakini ndani kuna kiinitete cha siku saba. Tarehe 3 mwezi unaofuata jibu limefika, sindano inachomwa, na ng'ombe anarudi kwenye joto vizuri kabisa. Kijana anafurahi dawa imefanya kazi.

Kwa hiyo siku zinahesabiwa tangu kupandishwa kwa MWISHO, kwa namna yoyote, mbegu au dume. Weka daftari bandani, limefungwa kwa kamba, kila mtu wa nyumbani aandike. Kama hujui tarehe, usichome. Subiri siku 28 tangu ulipomtenga na dume, pima tena, ndipo uamue na daktari wako. Na dawa hii iwe mikononi mwa daktari wa mifugo, siyo ya kununua dukani na kujichomea. Hata kwa binadamu ina madhara: mwanamke mjamzito na mtu mwenye pumu wasiishike kabisa, inapenya kwenye ngozi.

"Anayo" siyo ndama

Sasa upande wa pili. Jibu limekuja: ana mimba. Kijana anapiga picha, anaandika kwenye kundi la WhatsApp, anaanza kutafuta wateja wa ndama. Polepole.

Kiinitete kikifa siku ya 26, PAG haitoweki siku hiyo hiyo. Inabaki siku kadhaa, inaweza kupita wiki. Ukipima siku ya 28 utasoma "anayo" wakati ndani hamna kitu. Na hata iliyo hai siku ya 28 inaweza kupotea baadaye. Kipindi cha siku ya 28 mpaka 60 bado mimba zinaondoka, tena si chache. Joto kali la mwili, homa ya ndigana, kubadilisha chakula ghafla, kusafirishwa kwenye lori, magonjwa ya uzazi, yote yamo.

Watafiti wameona kitu cha maana hapa. Ng'ombe ambao baadaye walipoteza mimba, wengi wao siku ya 28 walikuwa na PAG ndogo kuliko wale waliofika mwisho. Yaani kondo lilikuwa tayari linasuasua. Ndiyo maana watu wanauliza, je, tunaweza kusoma kiwango na kutabiri? Kwa kundi la ng'ombe, ndiyo, picha inaonekana. Kwa ng'ombe mmoja wa kwako, mimi sikushauri. Kiwango kinatofautiana kwa sababu nyingine: anayetoa maziwa mengi huwa na PAG ndogo kidogo, na dume aliyetoa mbegu naye anaathiri, kwa sababu kondo kwa sehemu ni lake pia. Ukimwuza ng'ombe kwa sababu namba ni ndogo unaweza kumwuza na ndama wake ndani. Matumizi mazuri ya namba ndogo ni haya: mweke kwenye orodha ya kuangaliwa kwanza siku ya 60, usimhamishe, usimpe misukosuko.

Kwa hiyo mpango wangu kwa mfugaji wa biashara ni vipimo vitatu. Cha kwanza siku ya 28 hadi 35, lengo lake ni kuwakamata wasio na mimba mapema. Cha pili siku ya 60 hadi 90, kwa mkono wa daktari au damu tena, kuhakikisha waliokuwa nayo bado wanayo. Cha tatu kabla ya kukausha, mkono tu unatosha. Ukiwa na hela ya kipimo kimoja tu cha damu, fanya cha kwanza, cha pili mwite daktari.

Nasisitiza hili kwa wanaonunua mitamba yenye mimba. Siku hizi bei ya mtamba mwenye mimba na asiye nayo ina tofauti ya kutosha kumshawishi mtu. Muuzaji anakuonyesha karatasi ya maabara, ina muhuri, inasema "ana mimba", na yeye hasemi uongo. Angalia tarehe. Ikiwa damu ilitolewa siku ya 30 na leo anakwambia ni mimba ya miezi mitano, karatasi ile haina maana kwa mimba ya leo. Dai apimwe upya kwa mkono mbele yako. PAG haikwambii umri wa mimba wala kama ni mapacha, mkono wa daktari unaweza kukadiria umri. Akikataa kupimwa, umeshajibiwa.

Kuna protini nyingine ya damu ambayo waliosoma mitandaoni wananiuliza, ile inayotolewa na vifuko vidogo vya mayai kwenye ovari, kifupi chake AMH. Hiyo haisemi kuhusu mimba. Inasema akiba ya mayai. Inatumika zaidi kwa wanaochagua ng'ombe wa kutoa viinitete vya kuhamishia kwa wengine, maana mwenye nayo nyingi huwa anaitikia vizuri dawa za kuzalisha mayai mengi. Kwa mfugaji wa ng'ombe sita anayehimilisha kawaida, hela hiyo weka kwenye chakula.

Kutoa damu

Damu inatolewa kwenye mshipa wa chini ya mkia, mililita mbili hadi tano. Sindano mpya kwa kila ng'ombe, bila mjadala. Tone moja la damu ya mwenye mimba likibaki kwenye sindano linaweza kuharibu jibu la anayefuata, na mbaya zaidi unahamisha ndigana baridi banda zima kwa siku moja. Andika namba ya hereni kwenye chupa kabla hujatoa damu. Usigandishe damu kwenye friza, iweke sehemu ya baridi tu. Na piga simu maabara kabla: uliza kama kipimo kipo sasa hivi, wanataka chupa yenye kifuniko cha rangi gani, majibu yanachukua siku ngapi. Jibu la siku ya 28 likikufikia siku ya 60, faida imeshaliwa.

Uliza pia wanapima sampuli ngapi kwa mkupuo. Sahani ya kipimo cha maabara ina vishimo 96, na maabara haipendi kufungua sahani kwa sampuli tatu. Vijana wa sehemu moja mkipanga uhimilishaji wenu ndani ya wiki moja, siku 28 baadaye mnapeleka sampuli 30 au 40 kwa boksi moja la barafu, nauli moja, na mna nafasi ya kuzungumza bei.

Wenye mbuzi wa maziwa, kipimo cha PAG kipo kwenu pia, kuanzia siku ya 30. Hakikisha tu maabara inajua ni damu ya mbuzi. Wa nguruwe, kondo la nguruwe halina zile chembe zenye viini viwili, kwa hiyo hiki si chenu. Nyie endeleeni kumwangalia jike siku ya 21 dume likipita mbele yake.